Kondoo wa Kimaren

"Mkimchinja huyo kondoo, mmeuza mguu wa Tajewo!" Mama Julius alipaza sauti mpaka kuku wakatawanyika.

"Mama Julius, wewe ni jirani au hakimu?" alijibu mzee Lesiamon. "Mtu akikukosea, akaja na kondoo kuomba msamaha, humrudishi. Ni kujitafutia laana."

"Na mguu utapona kwa supu?"

Kondoo mwenyewe alikuwa amefungwa kwenye uzio. Alikuwa anatafuna maharage ya Nanyori, wala hana habari kwamba nusu ya mtaa imekuja kumjadili.

Tajewo, mume wa Nanyori, alikaa mlangoni. Mguu wake ulikuwa umefungwa hogo zito jeupe. Yeye ni dereva wa bodaboda hapa Karatu. Wiki iliyopita, lori la kupeleka soda na vyakula kwenye kambi za watalii Ngorongoro lilitaka kulipita trekta la vitunguu. Lilipita kwenye kona! Likamkuta Tajewo upande wake wa barabara. Pikipiki ilisagika. Mguu ukavunjika. Daktari alisema mguu unahitaji kuwekewa chuma, la sivyo Tajewo atachechemea maisha yake yote.

Dereva wa lori, kijana Kimaren wa Arash, hakukimbia. Alikuja na kondoo huyo, machozi yanamtoka. Lakini jana alikuja mtu mwingine, Inosenti, ametumwa na tajiri mwenye lori. Viatu vinang'aa, karatasi mkononi.

"Kondoo mmeshampokea," Inosenti aliwaambia. "Kimila yamekwisha. Weka dole gumba hapa, nikuachie hela kidogo ya dawa. Ukikataa, Kimaren anafungwa kwa ajili yako."

Alisema leo atarudi. Ndiyo maana mtaa ulikuwa umejaa. Kwa kweli mtaa wetu hauhitaji sababu kubwa ili ujae.

"Hodi!" Beatrice aliingia. Beatrice ni msaidizi wa kisheria wa kata yetu. Huduma yake ni bure. Mama Julius ndiye aliyekwenda kumwita, akijifanya anafuata chumvi.

"Mwanangu Beatrice, tuamue," alisema mzee Lesiamon. "Kondoo arudi au asirudi?"

"Asirudi, baba. Kondoo ni msamaha wa Kimaren kwa Tajewo. Msamaha ni mzuri, upokeeni. Lakini msamaha haufuti haki ya kulipwa. Kinachoweza kuifuta ni ile karatasi. Tajewo, ukiweka dole kwamba umemalizana nao, kesho ukidai watakuonyesha dole lako."

Nanyori akauliza taratibu, "Na Kimaren? Tukidai, atafungwa?"

"Mama Nashipai, kesi ya uendeshaji mbaya iko mikononi mwa polisi na mahakama. Si wewe uliyeifungua, na dole lako haliifuti. Ninyi mnadai fidia. Sheria inataka kila gari la barabarani liwe na bima ya kulinda watu wengine. Kwa hiyo fidia haitoki kwenye mfuko wa Kimaren. Kampuni ya bima ya lori ndiyo hulipa."

"Na kama lori halina bima?" aliuliza Tajewo.

"Nimeshaangalia kwa namba ya gari. Linayo. Hata isingekuwepo, ungeweza kumshtaki mwenye lori, maana dereva alikuwa kazini kwake. Polisi walikuja kupima ajali?"

"Walikuja. Na fomu ya PF3 walinipa, ndiyo niliyotibiwa nayo."

"Vizuri sana! Sasa tukaombe taarifa ya polisi ya ajali. Tunzeni risiti zote na maelezo ya daktari. Picha za pikipiki mnazo?"

"Ninazo mimi," alidakia Mama Julius. "Nilipiga nyingi, nikamtumia kila mtu."

Watu wakacheka. Siku hiyo umbea ulifaa.

Wakiwa bado wanacheka, Inosenti akatokea. Alimnyooshea Tajewo kidau cha wino. Nanyori akasimama katikati yao.

"Shemeji, kondoo alimleta Kimaren," alisema. "Naye tumemsamehe. Tajiri wako ameleta nini?"

Inosenti akafunika kidau chake.

"Mwambie aitaarifu bima yake. Sisi dole hatuweki."

Mama Julius alipiga vigelegele. Mzee Lesiamon akagonga fimbo chini. "Ero, kijana, umesikia? Nenda!"

Haikuwa rahisi. Bima walisema njoo kesho, njoo keshokutwa. Tajewo akaanza kukata tamaa. Beatrice akawaambia, "Kampuni ikikuzungusha, unalalamika TIRA, mamlaka inayosimamia bima, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ikishindikana, mahakama ipo. Ila msikae miaka, madai yana muda wake kisheria." Nanyori akapeleka malalamiko. Muda si mrefu simu ikaita. Bima wamekubali kulipa!

Tajewo aliwekewa chuma. Pikipiki nyingine ikanunuliwa. Na yule kondoo? Mzee Lesiamon alikuwa amesema, "Huyu tutamla siku Tajewo atakapotembea bila fimbo." Basi alisubiri, akanenepa kwa maharage ya watu.

Siku hiyo ikafika. Tajewo alitoka mlangoni kwa miguu yake miwili, akazunguka uwanja wote. Vigelegele vilisikika mpaka barabara ya lami. Nyama ikawa motoni, nyumba ikafurika watu.

Nashipai, mtoto wa Tajewo na Nanyori, akaona mtu amesimama nje ya uzio. Alikuwa Kimaren. Mahakama ilimtoza faini na kumfungia leseni, naye sasa analima huko Sale. Alisikia habari, akaja, akaona haya kuingia.

Tajewo alimwendea mwenyewe, anatembea wima, bila fimbo. Akamshika mkono.

"Unasimama nje kama mgeni? Kondoo ni wako huyu. Ingia, tule."