Mashine ya Kuchapa Sura ya Mama Yake Fridah

Wananchi, tulieni! Mimi, Trinah, mtaalamu wa mashine za kuchapa picha kubwa, ninawaletea elimu itakayoangaza taifa. Nina miaka kumi na sita, niko likizo kutoka shule ya bweni, na utaalamu wangu nimeupata Jumanne, baina ya chai na adhuhuri.

Mama yangu, Peninah, anafanya kazi katika studio ya picha huku ughaibuni, mtaa wa Al Mankhool. Arbab, yaani bosi wake, alimwambia, "Peninah, chagua printa mpya. Leo, khalas, yaishe."

Siku hiyo hiyo jirani yetu, Anti Fridah, alikuwa na msiba. Mama yake alikuwa amefariki Kenya. Hotelini anakofanya kazi walimnyima ruhusa ya kwenda kuzika. Kwetu picha kubwa ya marehemu hutangulia mbele ya jeneza, na kuitengeneza ni kazi ya mtoto wa kwanza. Fridah ndiye wa kwanza. Sammy, binamu yake, angepanda ndege saa kumi jioni na kuibeba.

"Tutaichapa kwa mashine tutakayochagua," Mama alimwahidi.

Tukaenda sote watatu kwenye duka la mashine, Al Muraqqabat. Fundi alikuwa Mganda, Nasifu. Mama alisoma makaratasi mpaka macho yakamwuma.

"Hii ni pana zaidi na bei yake ni nzuri," alisema. "Kwani pana si ndiyo bora?"

"Hapana, nyabo," alijibu Nasifu, yaani mama kwa Kiganda. "Hiyo ni ya kuchapa ramani za nyumba. Ina wino wa rangi nne tu. Mistari inanyooka vizuri. Sura ya mtu ni jambo lingine."

"Na hii nyingine?"

"Ina rangi kumi na mbili, na ndani yake kuna wino wa kijivu. Kijivu ndicho kinachopitisha ngozi yetu polepole kutoka kwenye mwanga hadi kivulini. Bila hicho, shavu linaruka."

"Linaruka liende wapi?" niliuliza. Mama alinitazama.

"Tena wino wake ni wa pigmenti," Nasifu aliendelea. "Wino mwingine umeyeyuka kama sharubati. Unang'aa, lakini ukutani jua linaufifisha mapema. Huu una chembe ndogo sana, kama rangi ya ukuta. Unadumu. Ila uchape kila wiki, la sivyo wino utakauka kwenye vitundu unakotokea."

Mama alishika kichwa. "Pigmenti, vitundu, kijivu! Heri nichague ng'ombe."

"Usichague kwa maneno, nyabo. Leta picha yako, tujaribu."

Tulianza na ile pana. Tukachapa picha ya Mjomba Gibson akiwa na suti, kutoka simu ya Mama. Alitoka kama mtu aliyelala kwenye jivu. Hata Fridah alicheka kidogo.

Nasifu na Mama wakaenda kutoa karatasi stoo. Waliporudi, Mama alisema, "Sasa weka picha yenyewe."

Mashine ya pili ilinguruma. Karatasi ikashuka. Paji la uso, macho, kisha mdomo. Mama yake Fridah alikuwa kijani kama mchicha.



"Wallahi sielewi," alisema Nasifu. Aliangalia aina ya karatasi: sawa. Akafungua mashine, akakagua wino: sawa. Akachapa tena. Kijani.

"Basi," Mama alisema. "Tuchukue ile ya ramani. Saa inakimbia."

"Sawa, Mama Trinah," alisema Fridah kwa sauti ndogo. "Hata akiwa wa jivu. Bora afike."

Nasifu alinigeukia. "Wewe binti. Wote tunatazama picha. Mbona wewe unatazama kompyuta?"



"Ni mimi," nilisema. "Mlipoenda stoo nilivuta rangi ya kijani kwenye kompyuta mpaka mwisho. Nilidhani anayefuata ni Mjomba Gibson tena, nikataka tucheke."

Nasifu alirudisha rangi mahali pake. "Kabla ya kulaumu mashine, kagua mipangilio yote," alisema. "Mimi pia nimejifunza."

Picha ilishuka tena. Mama yake Fridah alikuwa na mashavu yake ya kahawia, na mikunjo laini kando ya macho.

"Huyo ndiye yeye," alisema Fridah.

Mama alimpigia arbab kumwambia amechagua ya rangi kumi na mbili. Nasifu aliviringisha picha ndani ya bomba la karatasi ngumu, nami nikapewa nilibebe hadi kwa Sammy. Fridah alitembea kando yangu. Tulipofika kwenye taa za barabarani akasimama.

"Trinah. Ilipotoka ya kijani, ulicheka?"

Ningeweza kudanganya. Shuleni nasifika kwa hilo.

"Kidogo, Anti," nilisema. "Kabla sijaona ni nani."