Misumari Sita ya Juu ya Mlango

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nyangi alifagia uwanja wa kanisa la Kitaji, kwa kuwa nyumba yao ilipakana nalo. Mwaka uliotangulia, ukuta wa mbele ulivikwa mabamba ya shaba. Fundi alikuwa Mjomba Stanslaus.

Asubuhi moja fagio lake lilisimama. Chini ya bamba la juu ya mlango palikuwa na mchirizi wa kutu. Juzi ulikuwa na urefu wa kidole. Leo, baada ya mvua, ulikuwa mrefu kama mkono.

Nyangi alijua ulikotoka. Mwaka ule mjomba alimpa misumari ya shaba agongee ukutani vishikizo, vibati vya kulishikilia bamba lile, akamkanya asichanganye na ya chuma. Lakini misumari sita alikuwa ameshampa rafiki yake Prudence, wakaikunja kuwa pete. Akaona aibu kusema. Akagongea sita ya chuma, mjomba akakunja bamba juu yake, isionekane tena.

Upepo ukapita. Bamba likagonga ukuta, ta, ta, kama mtu anayebisha hodi.

Shuleni Prudence alimtania kwamba pete yake ya msumari imempaka kidole rangi ya kijani, hivyo aache kujipamba na vitu vya kanisa. Nyangi hakucheka. Jumapili watoto wa Komunyo ya Kwanza wangepanga mstari mlangoni, chini ya bamba lile, na wa mbele kabisa alikuwa Fred, mdogo wake.

Jumamosi alasiri mawingu yalitanda juu ya ziwa. Nyangi akamwendea mjomba, akasema yote huku akitazama miguu yake.

Mjomba hakufoka. Alichukua ngazi. Alipofunua ukingo wa bamba, vichwa vitatu vya misumari vilidondoka vyenyewe. Msumari wa nne ulisagika vidoleni kama ugoro. Bamba likaning'inia upande mmoja, ncha yake ikielekea chini.

"Shaba na chuma vikilowa pamoja, chuma kinalikaga," alisema. "Kwa nini ulinyamaza?"

"Niliogopa hutanipa kazi tena, mjomba."

Wakagongea misumari ya shaba, matone ya kwanza yakiwaangukia.

Jumapili upepo ulivuma kwa nguvu. Fred alisimama mlangoni na mshumaa wake. Bamba halikutoa sauti.

"Kugawa misumari lilikuwa kosa dogo, mama," mjomba alimwambia Nyangi taratibu. "Kubwa ni kulifunika. Mwaka mzima lilikuwa linaoza, na sisi tunapita chini yake tukiimba. Ukikosea tena, uniambie kabla sijakunja bamba."