Kioo cha Nne Kilichogeuka Cheusi

Kila asubuhi ya likizo ya Agosti nilivua viatu mlangoni mwa maabara ya Shangazi Tomoe, nikavaa ndala za ndani, nikammiminia kila mtu chai baridi ya shayiri, kisha nikafungua daftari. Shule yetu hapa Tsukuba, Japani, humtaka kila mwanafunzi afanye utafiti wake likizoni. Mimi, Mizuho wa darasa la sita, nilichagua kufuatilia kazi ya Kaka Kurosu, mwanafunzi wa shangazi.

Kazi yenyewe ilinichanganya kichwa. Kaka Kurosu alikuwa na vipande vya kioo vilivyopakwa utando mwembamba wa rangi ya chungwa, kila kimoja ndani ya kibakuli chake chenye namba.

"Utando huu ni fuwele ya madini yenye tabaka tabaka," alinieleza, "kama karatasi za mwani ndani ya pakiti. Natia dawa. Chembe zake zikipenya katikati ya tabaka, zinashikana mikono humo humo, zinakuwa mnyororo mrefu wa plastiki."

"Plastiki si ndiyo inazuia umeme?"

"Hii inapitisha."

"Sasa utajuaje iko ndani na wewe huioni?"

"Mtoto una maswali wewe!" Alicheka. "Tabaka zikijaa, zinaachana kidogo. Ile mashine ya eksirei inapima hiyo nafasi."

Sikuelewa, ila niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Tangu Aprili hakuna kilichopenya. Kila kioo kilibaki rangi ya chungwa. Shangazi alikuwa amemwambia wazi kwamba ikifika Ijumaa bila matokeo, aiache kazi hiyo.

Jumatatu, saa ya usafi, nilipangusa meza kama tufanyavyo shuleni. Nilipokuwa nafunika vizuri kibakuli namba nne, nikaona utando wake umekuwa mweusi tititi. Nilishikwa na woga. Nilidhani maji machafu ya tambara langu yameudondokea. Kaka Kurosu alikuwa ametoka kwenda kula. Haraka haraka nikachukua kioo kipya cha rangi ya chungwa kwenye droo, nikakibandika namba nne, nikakitia kibakulini. Kile cheusi nikakifunga kwa gazeti, nikaandika juu yake "Hatari, kioo", nikakitia kwenye pipa la taka za kioo. Hata kosa langu nililifanya kwa utaratibu! Kwenye daftari nikaandika: namba nne, rangi ya chungwa.

Jumanne Kaka Kurosu alikaa mbele ya mashine akijikuna kichwa.

"Mwalimu, sielewi. Jana asubuhi niliona kona imeanza kuwa nyeusi. Leo kioo kama kipya."

"Labda kilikuwa kivuli," alisema shangazi.

Kaka Kurosu akapima tena. Jumatano akapima tena, na chakula chake hakukigusa.

"Mizuho, wewe ulikiona juzi. Kilikuwa na rangi gani?"

"Chungwa," nilijibu, nikiangalia ndala zangu.

"Basi macho yangu yameanza kunidanganya."

Alhamisi nilimkuta anatia karatasi zake za miezi yote kwenye sanduku. Nikashindwa kuvumilia.

"Kaka, mimi nilikibadilisha! Nilidhani nimekichafua."

Alinitazama kama haelewi lugha yangu. "Kilikuwa cheusi?"

"Tititi."

"Kiko wapi?"

Tulikimbia hadi kwenye pipa. Gari la taka lilikuwa bado halijafika. Kioo kilikuwa kimevunjika vipande viwili, lakini alipokigusa kwa nyaya za kipimo cha umeme, mshale uliruka. Mashine nayo ikaonyesha kwamba tabaka zimeachana.

"Iko ndani, Mwalimu! Plastiki ndiyo iliyoupa utando weusi!"

Nilitabasamu. Shangazi akanivuta pembeni.

"Unafurahi? Gari la taka lingewahi, ungefurahi? Hiyo ni bahati tu. Na kioo si kitu, vioo tunavyo. Umemfanya mtu mwaminifu asiyaamini macho yake mwenyewe siku tatu nzima. Hilo ndilo uliloharibu. Ukiona jambo usilolielewa, usilifute. Liache lilivyo, andika ulichokiona, kisha uliza. Na ukidhani umekosea, sema siku hiyo hiyo."

Nilimrudia Kaka Kurosu, nikainama mpaka paji langu la uso likakaribia kugusa meza.

"Hukukosea, kaka," nikamwambia. "Kilikuwa cheusi."