Nusu Kijiko cha Mbolea

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye cherehani yake sokoni Kilwa Masoko, Shangazi Maftaha alikunywa chai, akahesabu samaki wake, kisha akamwambia Moza asifungue pazia la sebuleni. Moza, msichana wa miaka kumi na miwili aliyeletwa kutoka Rutamba ili asome, aliitikia "ndiyo, shangazi" huku mawazo yake yakiwa kwenye maandazi. Jambo linalosemwa kila siku huacha kusikika.

Pazia hilo zito lilikinga tangi la kioo lililojaa maji ya bahari, kubwa kama kitanda cha mtoto. Ndani yake mlikuwa na samaki watano na vipande ishirini vya matumbawe vilivyovunjwa na nanga. Kikundi cha kuhifadhi bahari kilikuwa na kibali cha kuviokota, nacho kilimkabidhi shangazi avitunze hadi vipone, kisha virudishwe baharini.

Kwa nini apewe fundi wa nguo? Kwa sababu hakuna mtu pale mtaani aliyejua kupima kama yeye. Shati likimbana mteja upana wa kidole kimoja tu, alilifumua lote akaanza upya. Tangi nalo alilitendea hivyo hivyo. Alipima chumvi, joto na virutubisho, yaani ile mbolea inayoyeyuka majini kutokana na chakula na kinyesi cha samaki. Alichota maji kwenye kichupa, akadondosha matone ya dawa, akasubiri rangi ibadilike, akailinganisha na kadi, akaandika kwenye daftari. Taa ya buluu juu ya tangi ilijiwasha saa nne asubuhi na kujizima saa kumi na mbili jioni, wala haikuongezwa dakika. Moza alipenda kumtazama. Hakuwahi kuona mtu mwenye subira kiasi kile.

Lakini Moza naye alijiona mjuzi. Kwao Rutamba walilima korosho na mahindi, na bustani yake ndogo ya shuleni ilishawahi kusifiwa mbele ya wazazi. Kwa hiyo likizo ya mwezi wa sita ilipofika, naye akaona vipande vitatu vya matumbawe vimepauka, hakuhitaji kumuuliza mtu. Mahindi yakipauka, dawa yake inajulikana: mbolea na jua. Nyuma ya nyumba shangazi alikuwa na mfuko wa mbolea ya kukuzia mchicha. Moza akachota nusu kijiko cha chai, akaimimina ndani ya tangi. Kisha akafungua pazia, jua likapiga kwenye kioo. Kabla shangazi hajarudi, alilifunga tena. Siku zilizofuata aliendelea kulifungua. Ukweli ni kwamba alitaka sifa. Alitaka siku moja shangazi aingie, akute matumbawe yamenawiri, aulize ni nani aliyefanya kazi nzuri namna ile.

Baada ya siku nne, kioo na mawe vilifunikwa na utelezi wa kijani. Samaki walipanda juu wakihema. Matumbawe, ambayo kwa kawaida hutoa mikono yake midogo majini, yalikuwa yamejifunga kabisa. Shangazi akapima. Maji ya kichupani, ambayo siku zote yalikuwa na rangi ya njano hafifu, yaligeuka mekundu kama juisi ya rozela. Akarudia kupima. Yakawa mekundu vilevile.

Maji ya tangi yaliletwa na Bonaventura, kijana wa kikundi mwenyeji wa Nyangamara, ambaye aliyachota kwa madumu mbali na ufuko, mahali pasipofika uchafu wa mji. Shangazi akamwita. Hakumfokea, lakini alimwonyesha kile kichupa na kumwambia kwamba Jumamosi, kwenye mkutano, ingembidi yeye shangazi aombe kazi ya maji apewe mtu mwingine. Bonaventura alikitazama kichupa. Kazi ile ndiyo iliyofanya kikundi kimpange kufundishwa kuzamia.

"Mama, hata mimi nikiiona rangi hii nisingemwamini mleta maji," alisema. "Lakini nilichota kulekule."

Akaokota madumu yake matupu, akaelekea mlangoni.

Moza alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sufuria mkononi. Aibu ilimchoma. Alijua akinyamaza mambo yataishia hapo, na alijua pia kwamba kila akimwona kijana yule njiani atatamani kujificha.

"Kaka Bona, subiri," alisema. "Shangazi, ni mimi. Nilitia mbolea yako ya mchicha. Nusu kijiko."

Shangazi aliuliza ilikuwa siku gani, akaandika kwenye daftari. Kisha akafanya jambo ambalo Moza hakulitegemea kwa mtu mzima. Akamgeukia Bonaventura na kumwambia, "Nisamehe, mwanangu. Nimekukata kabla ya kukupima." Bonaventura akasema hakuna neno, akaenda moja kwa moja kuchota maji mapya.

Kila siku walitoa sehemu ya maji ya zamani na kutia mapya. Shangazi hakutaka kuyabadilisha yote kwa mara moja, maana viumbe wagonjwa hawavumilii mabadiliko ya ghafla. Alimuuliza Moza kama kulikuwa na jambo jingine. Moza akasema hakuna. Habari ya pazia hakuitia hesabuni. Jua ni la Mungu, lingekuwa na ubaya gani? Hata akaendelea kulifungua, akidhani anawasaidia wagonjwa.

Wiki ilipokwisha, maji ya kichupani yalirudi kuwa ya njano. Samaki walichangamka. Lakini utelezi wa kijani uliendelea kuota, na matumbawe hayakufunguka. Shangazi alivuta kigoda, akakaa mbele ya tangi akilisoma daftari lake kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwishoni alisema kwamba lazima mwanga umezidi, hivyo angeipunguza taa iwake kwa muda wa saa nne tu kila siku. Aliogopa kufanya hivyo, kwa sababu ndani ya miili ya matumbawe huishi vimea vidogo mno vinavyotumia mwanga kuyatengenezea chakula. Mwanga ukipungua sana, matumbawe hufa njaa.

Akanyoosha mkono kwenye saa inayoiwasha na kuizima taa. Safari hii hapakuwa na mtu wa kusingiziwa. Moza angeweza kunyamaza na hakuna ambaye angejua. Matumbawe yasingeweza kumshtaki.

"Shangazi, usiipunguze taa. Pazia... mimi hulifungua kila siku ukiondoka."

Shangazi akauteremsha mkono wake taratibu.

"Kumbe nina taa mbili," alisema, "na moja haina swichi."

Hakucheka, lakini sauti yake haikuwa ya hasira pia. Akamvuta Moza akae karibu naye. Alimwambia kwamba alikuwa ameona vizuri: vile vipande vitatu kweli vilikuwa vimepauka, na si kila mtu angegundua. Kosa lake lilikuwa kuyatibu matumbawe kama mahindi bila kuuliza, kisha kusema nusu ya ukweli. Kisha akainua vile vichupa vyake.

"Hiki kinanionyesha virutubisho, kile chumvi. Lakini sina kichupa cha kupimia kilichomo ndani ya mtu, Moza. Hicho ni wewe tu unayeweza kunisomea. Ukinisomea nusu, nitatibu nusu, na nusu iliyobaki itaharibika mikononi mwangu."

Adhabu ilikuwa kulishonea pazia vitanzi kwa mkono, pembe zote nne, na kulifunga ukutani, kisha kusugua utelezi wote kwa mswaki mkuukuu. Siku ya kumi na mbili, kipande kimoja kilitoa mikono yake midogo. Mwisho wa mwezi vipande kumi na tisa vilikuwa vimefunguka, na Bonaventura ndiye aliyevibeba kurudi baharini, mara hii akiwa amevaa miwani ya kuzamia.

Vilipoletwa vipande vingine, shangazi alimkabidhi Moza daftari na vichupa, kisha akaketi kando na nguo aliyokuwa akiipinda. Moza akachota maji, akaanza kudondosha dawa huku akihesabu. Rangi ikatokea njano nzuri kabisa, ile inayotakiwa. Akaitazama, kisha akakishusha kichupa.

"Shangazi, nimedondosha matone sita badala ya matano."

Shangazi hakuinua uso kutoka kwenye sindano, lakini Moza aliliona tabasamu lake.

"Basi mwaga, mwanangu, uanze tena."