Chogo Lisiloungua

Fundi Marwa alikuwa na ugomvi wa kudumu na televisheni za flati, na mtu akikaa kwenye benchi la kibanda chake pale senta ya Kerende lazima ausikie mpaka mwisho. Flati kwake si kitu. Umeme ukiruka kidogo, imekwisha. Mende akipita ndani, imekwisha. Lakini chogo, ile televisheni ya zamani yenye mgongo mkubwa nyuma, hiyo aliizungumzia kwa heshima wanayopewa wakwe. "Shika hii transfoma," angekwambia, na kweli ungeusikia uzito wake mkononi. "Shaba tupu. Waliotengeneza hawakuwa na haraka."

Jioni hiyo alikuwa anafunga. Ilikuwa miaka ya rashi, watu wamemiminika kutoka kila upande kuchimba dhahabu, na makarasha yalisaga mawe kutwa nzima. Jua likizama yalizimwa moja moja, kukawa na kimya kifupi kabla baa hazijaanza muziki wao. Katika kimya hicho bodaboda ikasimama mbele ya kibanda. Nyuma amekaa mwanamke aliyekumbatia kitu kikubwa kilichofungwa kitenge. Mbele, juu ya tangi, amepakatwa mtoto wa kike mwenye kijiko mkononi.

"Za jioni, fundi."

"Nzuri, mama Sheila. Karibu. Pole tena na msiba."

Huyu alikuwa Adhiambo, mjane wa Owiti, kijana wa Kijaluo aliyefukiwa katika duara la tajiri mmoja, Wangwe, miezi michache iliyopita. Duara ni shimo la wachimbaji, linashuka chini wima, na kinachozuia udongo usiporomoke ni magogo tu. Magogo yalikatika, Owiti akabaki huko. Mwili haukupatikana. Wazee wa ukoo wake wakafanya kama desturi yao inavyotaka: wakachuma tunda la mti uitwao yago, refu na zito, wakalizika kaburini badala ya mwili. Watu wakalia, wakala, wakatawanyika.

Adhiambo akafungua kitenge. Fundo la pili lilikuwa bado halijalegea, Marwa akawa ameshaitambua ile televisheni. Chogo la sanduku la mbao, na pembeni tundu la spika pana kama sahani. Alikuwa hajaliona tangu amuuzie Wangwe.

"Nani amekupa hii?"

"Wangwe. Aliileta siku ya msiba. Akasema mtoto atakuwa anaangalia katuni." Adhiambo akakikunja kitenge polepole. "Kwangu hakuna umeme, fundi. Nimeifanya meza."

"Sasa ina shida gani, kama hujawahi kuiwasha?"

Akamtazama mtoto kwanza, ndipo akajibu kwa sauti ya chini.

"Inagonga. Nataka uiue."

Marwa alikuwa ameshaletewa redio zenye mapepo na simu zilizorogwa, na zote alikuta kutu tu. Akamweleza yule mama taratibu, kama anavyowaeleza wote. Mbao zikishinda juani hutanuka. Jioni zikipoa hurudi, na zikirudi zinalia. Hata bati la nyumba hulia hivyo.

"Bati halisubiri kujibiwa," Adhiambo akasema.

Na hapo ikagonga.

Ko. Ko. Ko.

Kimya...

Sheila akainua kijiko, akagonga ukingo wa benchi mara tatu. Aligonga bila haraka, kama mtu anayeitika salamu. Kisha akaanza kukohoa. Alikohoa mpaka akajikunja, na mama yake alipomfuta midomo, kitenge kikabaki na vumbi. Haikuwa damu, ingekuwa afadhali hata damu. Ulikuwa udongo mwekundu laini, ule wanaoupandisha kutoka chini kabisa ya maduara.

"Nyathina, mwanangu, acha," Adhiambo akanong'ona, akamshika mkono. "Unaona, fundi? Ameacha kula. Kila akijibu, pumzi inakata. Jana nilimtikisa mpaka nikapiga yowe ndipo akafumbua macho. Siku moja atajibu, na hatarudi."

Marwa akajikaza kisabuni. Akaibeba televisheni mpaka mezani, akaichomeka kwenye waya wa jenereta. Ikawaka papo hapo, haikutetemeka, haikupiga mstari hata mmoja. Zilikuwa chenga tupu, nyeupe na nyeusi, lakini chenga safi. Hata katika hali ile moyo wa fundi ukaisifu.

Akaizima.

Chogo likizimwa huacha nukta ya mwanga katikati ya kioo. Nukta inasinyaa, inakufa. Kila aliyekua nalo nyumbani anaijua.

Hii haikufa.

Marwa akachomoa waya. Nukta ipo. Akaushika waya mkononi, akautazama kuhakikisha kwamba ni wenyewe. Nukta bado ipo, na sasa inayumba kidogo, kushoto, kulia...

"Tochi ya baba," Sheila akasema.

Wachimbaji wote huvaa tochi kichwani. Marwa aliwahi kuinama juu ya duara akawaona wakipanda, na ukiwa juu huoni mtu, unaona tochi tu, ndogo sana, inayumba kufuata miguu. Inakua kadiri mtu anavyopanda.

Nukta ilikuwa inakua.

Kisha harufu ikajaa kibandani. Udongo mbichi. Jasho. Na pumzi ya mtu aliyekaa muda mrefu bila maji. Marwa akaigeuza televisheni haraka kioo kitazame ukuta, akaanza kufungua mgongo wake ili mikono ipate kazi. Ndani palikuwa pasafi kama siku alipoifunga mwenyewe. Lihamu inang'aa, koili imekaa, hakuna kilichoungua.

"Unajua waliitumia kufanya nini?" Adhiambo akauliza nyuma yake.

"Wangwe alisema vijana wapate burudani pale shimoni."

"Mchimbaji wake mmoja alilewa, akaja kwangu kulia. Akaniambia." Sauti yake haikupanda. "Duara lilipoanguka, Owiti hakufa. Alikuwa amebaki kwenye uwazi huko chini, anagonga mwamba kwa nyundo. Mara tatu. Kwao mara tatu ni kusema mimi mzima. Vijana wakataka kufukua. Mganga wa Wangwe akawazuia. Akasema duara limeshika kitu mdomoni, likinyang'anywa dhahabu itakimbia. Basi Wangwe akaleta hii televisheni, akaiweka mdomoni mwa shimo, akawasha jenereta, akafungulia sauti mpaka mwisho. Wiki nzima na zaidi, fundi. Usiku na mchana. Kila waliposogea kutega sikio, walisikia muziki tu."

Bisibisi ilimtoka Marwa mkononi ikaanguka mezani.

Alimkumbuka Wangwe akiwa amesimama palepale kibandani, jasho linamtiririka, flati mpya kwapani. Alitaka kujua kama itahimili kuwaka mfululizo. Na yeye Marwa alicheka. Alimwambia hiyo itaungua siku ya pili, akamtolea hili chogo, akalikaza lihamu kila mahali, akalijaribu sauti mpaka mwenye duka la jirani akatoka nje kulalamika. Alijisifu jioni yote kwa kazi ile.

"Ingekuwa mbovu," Adhiambo akasema, "pangekuwa kimya. Wangemsikia. Mume wangu angekuwa hai."

Marwa alitaka kumwambia kwamba ni yeye aliyeiuza. Kweli alitaka. Lakini aibu ilimchelewesha, na ikagonga tena, karibu zaidi, kama kwenye ubao wa meza.

Ko. Ko. Ko.

Kijiko cha Sheila kikaanza kuinuka.

Fundi hakungoja. Nyuma ya kioo cha chogo kuna kifuniko cha mpira, na chini yake umeme hujificha muda mrefu baada ya televisheni kuzimwa. Mafundi wamekufa hapo. Akafunga waya kwenye bisibisi, upande wa pili akaukaza kwenye chuma, akaipenyeza bisibisi chini ya mpira.

PAA!

Mwanga wa bluu ukamulika kibanda kizima. Alipofumbua macho, ukutani hapakuwa na ule mng'ao tena. Harufu imekatika. Sheila alishusha pumzi ndefu, kijiko kikamdondoka, akalala palepale kwenye benchi. Baadaye kidogo akaamka na kusema ana njaa. Adhiambo akaziba uso kwa kitenge, akalia kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Ivunje," akasema alipoweza kusema. "Yote. Usibakize hata msumari. Mume wangu alikaa kila mahali humo ndani."

"Nitaivunja."

"Niahidi, fundi."

Akaahidi. Na aliivunja kweli, mama na mtoto walipoondoka. Alipasua kioo, akakata koili, akakatakata mbao kwa shoka, akatumbukiza kila kipande katika choo cha zamani nyuma ya kibanda.

Ikabaki spika.

Sasa mtu asiye fundi hawezi kulielewa hili. Sumaku yake ilijaa kiganja na kukivuta chini kwa uzito. Karatasi yake ilikuwa imepiga kelele wiki nzima, na haikuchanika hata ukingoni. Spika za namna hiyo hazitengenezwi tena. Marwa alisimama nayo juu ya tundu la choo mpaka usiku ukawa mkubwa, akijiambia kwamba spika haihifadhi umeme, ni waya na karatasi tu, na fundi hatupi kitu kizima. Akarudi nayo ndani, akaiweka rafu ya juu.

Sheila alinenepa. Adhiambo alipita kuaga, akaacha namba ya simu. Wanahamia kwa ndugu zake ng'ambo ya mpaka, akasema, mbali na mashimo. Alimshukuru Marwa kwa mikono miwili, na Marwa akatazama chini.

Siku chache baadaye akaja Wangwe. Duara lake jipya lilikuwa linatema dhahabu, shati lake lina pasi, na kero yake ilikuwa moja tu: flati yake ya ukutani ilikuwa na sauti ya mbu.

"Mura, kijana, nipatie spika yenye kifua," akasema.

Marwa angeweza kusema hana. Akaangalia lile shati, akaangalia rafu ya juu, na chuki ikampanda mpaka kooni. Potelea mbali, akawaza. Akaishusha ile spika, akaitengenezea boksi zuri, akaikaza skrubu zote.

Habari zikaanza kuja kidogo kidogo. Kwamba Wangwe halali, amelaza sikio kwenye boksi hata flati ikiwa imezimwa. Kwamba anagonga meza katikati ya mazungumzo. Kwamba anakohoa, na leso yake ni nyekundu ya udongo. Jioni moja aliwafukuza vijana wake wote, akashuka peke yake katika lile duara la zamani lililomfukia Owiti, nyundo mkononi, akisema, "Nakuja, nakuja." Udongo ukashuka juu yake. Hakuna aliyekubali kumfuata.

Marwa alifurahi, tusidanganyane. Alikula vizuri siku hiyo.

Kisha jioni moja, makarasha yamenyamaza, alitoka nje kumwaga maji. Aliporudi, spika ilikuwa juu ya benchi. Bila boksi. Bila waya. Hakuna aliyemwona mletaji. Labda ndugu za Wangwe wanauza vitu vyake na mmoja ameona haya kuingia. Labda. Karatasi yake haikuwa na mchubuko hata mmoja.

Ko. Ko. Ko.

Huyo alimjua. Ni Owiti. Taratibu, bila haraka.

Ko-ko-ko-ko-ko.

Na huyu wa pili alimjua. Wangwe maisha yake yote alikuwa mtu wa pupa.

Marwa akachukua nyundo. Akainua mkono juu. Ndipo akasikia wa tatu.

Ti. Ti. Ti.

Mlio mwepesi, wa bati. Kijiko kwenye sahani...

Nyundo ikabaki hewani. Kwa mkono mwingine akatafuta simu, akapiga namba ya Adhiambo. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Mtandao wa mpakani unasumbua, akajiambia, kila mtu anajua unasumbua. Akapiga tena.

Ti. Ti. Ti.

Hakuweza kuipiga ile spika. Akiivunja, na kama ni Sheila kweli aliye humo, basi atabaki anagonga mahali ambapo hakuna wa kumsikia. Na hakuweza kujibu, maana anakokwenda anayejibu alikujua. Kooni kulianza kumwasha. Alipolamba midomo, ulimi ukakwaruza mchanga.

Nje baa zilikuwa zimechelewa kuanza. Kimya kilikuwa kirefu kuliko siku zote.

Marwa akaweka nyundo chini. Akasogea kwenye rafu, mkono ukaenda wenyewe kwenye redio yake, akaiwasha, akazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho.

Ilikuwa redio ya zamani, ndani shaba tupu. Ingeweza kuimba mpaka asubuhi.