Wakimbie na Wanaume

Ndugu zangu wa Muheza na Tanga nzima, nawasimulieni yaliyoipata nyumba ya Asheri na Bertha, Washambaa waliofanya kazi katika shamba la mkonge la Kwamzindo. Sifichi jina la mtu, maana jambo hili lilitendwa mchana kweupe na watu wakalichekea.

Jumapili moja ya mwaka 1955, baada ya ibada, Bertha aliketi ukingoni mwa uwanja akimenya machungwa, huku akimtazama binti yake Benedikta akikimbia na wasichana wenzake wa kambini. Benedikta alikuwa na miaka kumi na saba. Alilelewa na bibi yake huko milimani Amani, akipanda na kushuka na mizigo ya kuni, na sasa alipokimbia ungedhani ardhi inamsukuma. Bertha alimtazama akasahau hata chungwa lililokuwa mkononi.

Uwanja ule ulikuwa jasho la wanawake. Walipotoka korona, kule mkonge unakosagwa, ndio walioshika majembe wakang'oa visiki na kufukia mashimo. Jezi za klabu walizishona wao. Lakini klabu yenyewe ilikuwa ya wanaume: chumba chao, mpira wao, kamati yao. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Asheri.

Siku ya michezo ya mwaka ilipokaribia, Bertha na wenzake wakaenda kwenye kamati. Waliomba mambo mawili tu: mbio zao wenyewe, na alasiri moja ya uwanja kila juma.

Rafaeli, katibu, akacheka. "Mwataka usawa? Basi usawa ndio huu. Mbio ni zile zile moja, na zawadi ni baiskeli. Anayetaka, akimbie na wanaume. Sisi hatumbagui mtu."

Kamati nzima ikaangua kicheko. Asheri naye akacheka, akautia sahihi uamuzi huo.

Jioni, nyumbani, Bertha akamwuliza, "Baba Benedikta, wajua vema kwamba hakuna msichana hapa atakayewapita vijana wakata mkonge. Mbona umetia sahihi?"

"Basi wasikimbie. Nani kawalazimisha?"

Tazameni mtego ule, ndugu zangu! Aliyekuwekea chakula pale mkono wako usipofika amekunyima chakula, hata kama anakukaribisha kwa sauti tamu.

Bertha alimsihi binti yake asiende. Benedikta akajibu, "Mama, nisipokwenda watasema hatukutaka." Akaenda, msichana peke yake kati ya wanaume thelathini.

Aliondoka vizuri. Lakini kwenye kona ya kwanza wanaume walibanana, kila mmoja anaitamani baiskeli. Kiwiko kikampata kifuani, akaanguka, na viatu vikapita juu ya mguu wake. Watu walicheka kwanza. Kisha wakasikia ukelele wake. Bertha aliingia uwanjani mbio, akamkuta binti yake ameshika goti lililogeukia upande.

Benedikta alikaa hospitali miezi miwili, mguu ndani ya plasta. Daktari akasema atatembea, ila kukimbia asahau.

Siku aliyorudi nyumbani, Rafaeli alileta karatasi. Iliandikwa kwamba msichana aliumia kwa ukaidi wake mwenyewe, na kwamba kamati haina lawama. Asheri aliisoma mara mbili. Aliogopa kuupoteza uenyekiti, akatia sahihi mbele ya mkewe.

Bertha hakupiga kelele. "Umemuuza mwanao kwa kiti," alisema. "Tangu leo sikupikii, wala sifui tena jezi ya mtu."

Kesho yake akaenda Muheza mjini kwa Bi Turkiya binti Taimur, mjane wa Kimanga, Mwarabu wa asili ya Omani, mwenye duka na ghala la machungwa.

"Shikamoo, Bi Turkiya."

"Marahaba, mwanangu. Habari ya mtoto nimeipata. Keti."

Bertha akamweleza yote. Bi Turkiya akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi nina binti wawili. Wapenda kucheza, lakini mbele ya macho ya wanaume hawatacheza, wala mimi sitawaruhusu. Anzisheni chama cha wanawake peke yao. Nyuma ya ghala langu pana kiwanja chenye ua. Chukueni."

"Ahsante, Bibi. Kiwanja chako tutakipokea. Lakini ule wa Kwamzindo tuliulima wenyewe, hatuuachi."

Ikafika siku ya mpira wa kombe. Timu ya Chumbageni ilikuwa imekuja kwa lori, na watu wamejaa. Kabla ya filimbi kupulizwa, wanawake arobaini wakaingia uwanjani, wakaketi kuanzia goli hili mpaka lile. Katikati alikaa Benedikta na magongo yake.

"Ondokeni!" Rafaeli akapiga kelele. "Nitaita polisi!"

"Waite," Bertha akajibu. "Uwaambie tumekalia mashimo tuliyoyafukia."

Nahodha wa Chumbageni, kijana aitwaye Khalifa, akauweka mpira chini. "Sisi hatuchezi juu ya mama zetu," alisema, akaketi naye.

Sasa macho yote yakamgeukia mwenyekiti. Benedikta akasema kwa sauti iliyofika mbali, "Baba, ile karatasi uliyotia sahihi, tusomee hapa."

Asheri, aliyeitunza kama mwenyekiti, akaitoa mfukoni. Alisoma mpaka penye neno "ukaidi", akaishusha karatasi.

"Ni uongo," alisema. "Mwanangu alisukumwa. Na mimi, babake, ndiye niliyemweka mahali pa kusukumwa." Akaichana. "Uenyekiti mpeni mwingine."

Watu walidhani wanawake watainuka sasa. Hawakuinuka.

"Majuto yako tumeyaona, Baba Benedikta," Bertha akasema. "Haki yetu bado. Andikeni: alasiri mbili kila juma, mbio za wanawake peke yao, zawadi sawa na yenu, na kamati tutakayoichagua wenyewe."

Rafaeli akakataa. Jua likawachoma wote. Watazamaji wakaanza kumzomea, mpaka akaandika kwa hasira. Bertha akasoma kila mstari. Ndipo wanawake wakasimama, wakajikung'uta vumbi.

Asheri alijipikia miezi minne kabla Bertha hajamsamehe.

Mwaka uliofuata wasichana kumi na tisa walijipanga kwenye mstari pale Kwamzindo, na binti za Bi Turkiya wakashindana na wenzao ndani ya ule ua wa Muheza. Benedikta ndiye aliyechaguliwa kushika bendera ya kuanzishia mbio. Aliishusha, wasichana wakachomoka kama mishale, watu wakashangilia. Yeye akabaki pale mstarini, ameegemea gongo, akiwatazama wakipotea kwenye kona ile.

FUNDISHO

Wazazi na viongozi, kutenganisha wanaume na wanawake michezoni si dhuluma. Dhuluma ni upande mmoja kujitwalia uwanja, zawadi na kamati, kisha ukawaambia wengine, "Njooni mshindane nasi," ukijua watashindwa. Mwanamke apewe mashindano yake, na yawe na heshima ile ile. Nanyi mnaodhulumiwa, msingoje mpaka mtoto avunjike mguu. Bertha alingoja, na hilo analijutia hadi leo.