Behewa Lililozidi Uzito

Alasiri moja ya Januari, mwaka 2009, Shamshad alishuka chumba cha chini kupangusa vumbi, na behewa la simba likamshinda kuinua.

Lilikuwa behewa la kuchezea, la mbao na bati, refu kama kiganja chake, jekundu, lenye maua ya dhahabu ubavuni na nondo nyembamba kama sindano. Ndani hamkuwa na kitu. Wiki iliyopita alilishika kwa vidole viwili. Sasa alilikamata kwa mikono yote miwili, akakaza mgongo, likanyanyuka kidogo tu kisha likamponyoka na kutua mezani kwa kishindo.

"Liache," mumewe akasema nyuma yake. "Amelala."

"Nani amelala, Feroz?"

Feroz alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kazi, brashi mkononi, na shati lilimpwaya mabegani mithili ya nguo ya kuazima.

Treni ile ya sarakasi ilikuwa na mabehewa thelathini na manane: ya tembo, ya farasi, la wapiga tarumbeta, na mengine yaliyobeba mahema yaliyokunjwa. Feroz aliianza na binti yao Alisha alipokuwa na miaka sita. Kila Jumamosi baba na mwana walijifungia huku chini, na Shamshad aliwasikia wakicheka hadi chakula kikapoa. Kisha, majira ya baridi ya 2007, gari la Alisha liliteleza kwenye barafu akitoka kazini Markham, nje kidogo ya Toronto. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Tangu hapo Feroz alijenga peke yake, na behewa la simba ndilo alilomalizia.

Daktari alimpima damu, akampiga picha kifua na tumbo, hakuona ugonjwa. Mizani tu ndiyo iliyosema: kilo themanini na moja mwezi wa Oktoba, sitini na tatu sasa. Shamshad alimpikia kuku wa nazi, akamkalia mbele mpaka amalize sahani. Feroz alikula yote, akakonda.

Siku iliyofuata alikuja Kuria, jirani yao Mkenya, kutazama mtambo wa kupasha joto nyumba. Alifika nusu ya ngazi akasimama.

"Mama Alisha, mnafuga nini hapa?"

"Hatufugi kitu."

"Hii ni harufu ya simba. Babangu alikuwa analisha wanyama pahali fulani Nanyuki, naijua." Akarudi juu kinyumenyume, akiwa ameshika ukuta. "Kazini tuko na Mpemba mmoja, anaishi zile ghorofa za Etobicoke. Watu humwita wakisumbuliwa. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini huyo nitakuletea leo leo."

Alipoondoka, Shamshad alibaki juu ya ngazi, akasikia mumewe akinong'ona, akasikia pumzi nzito ikimwitikia, pumzi ya kifua kikubwa kuliko cha binadamu, kisha juu ya pumzi ile kikapanda kicheko, chembamba, cha kukatikakatika, kicheko alichokuwa amekizika kwa mikono yake miaka miwili iliyopita, naye akakaa chini palepale.

Yule Mpemba, Maalim Alimohamed, alifika kabla ya magharibi, mzee mfupi mwenye koti kubwa la theluji. Alimwambia Shamshad atoe betri ya king'ora cha moshi, akawasha ubani, akanyunyiza marashi, akasoma. Mabehewa yote yalianza kutetemeka kwenye reli isipokuwa lile moja.

"Nani alimkaribisha?" akauliza.

Feroz aliinamisha kichwa. "Mimi. Nilipomaliza kizimba nilisema, yeyote anayeweza kunirudishia mwanangu, aingie humu."

"Aliyeingia anakula mwili wako. Mimi namshika tu. Kutoka, atatoka kwa kauli ya mwenye nyumba. Mwambie atoke."

"Siwezi."

"Utakufa kabla mwezi haujaisha."

"Na anile. Namsikia mwanangu, Maalim. Na anile."

"Basi mama aseme."

Shamshad alifungua kinywa, na kabla hajatamka, sauti ikatoka nyuma ya zile nondo, karibu kabisa, kana kwamba mtu amesimama mbele yake.

"Mama, usinitoe. Nje kuna baridi. Mkono zangu zimeganda."

Ilikuwa sauti ya Alisha, hata mkwaruzo wake wa mafua ulikuwemo. Lakini Alisha, mzaliwa wa Toronto, alikisikia Kiswahili chote na maisha yake yote alimjibu mama yake kwa Kiingereza. Shamshad aliling'ang'ania jambo hilo kama mtu anayezama.

"Wewe si mwanangu," akasema, machozi yakimchuruzika. "Toka nyumbani kwangu. Toka!"

Dirisha dogo la juu lilipasuka. Harufu ikakatika. Feroz akaanguka, na Maalim akalinyanyua behewa kwa kidole kimoja.

Siku mbili Feroz alilala. Jumapili asubuhi aliketi kitandani, akanywa supu, akataka mkate. Shamshad alikuwa akimpangusa kidevu mumewe alipouliza, bila hasira:

"Ulijuaje kwamba si yeye?"

"Kiswahili, Feroz. Alisha hakuwahi kusema Kiswahili."

Feroz aliweka bakuli la supu kando.

"Nilikuwa namfundisha," akasema. "Zile Jumamosi, chini. Alitaka kukushtukiza siku ya kuzaliwa kwako, akusomee salamu nzima. Kosa moja tu lilimshinda kuacha. Kila nikimsahihisha, mikono yangu, mikono yangu, yeye anarudi palepale. Mkono zangu."

Kitambaa kilimdondoka Shamshad. Alitoka chumbani, akapita sebule, akaufungua mlango wa mbele wazi kabisa. Theluji ilikuwa imefika magotini na upepo ulimpiga usoni. Ng'ambo, Kuria aliacha kusukuma theluji akamwita, lakini Shamshad hakumsikia. Alishuka vidato miguu mitupu.

"Alisha," akaita, "rudi. Ingia, mwanangu. Ingia, vyovyote ulivyo."